Ya Kwanza ni ya Woga

Jumapili, tarehe 3 Machi

Dada yangu, mvua ya kwanza imenyesha leo mchana, kwa hiyo nafungua daftari uliloniletea kwa mkono wa dereva wenu. Ulisema hutaki barua. Ulisema barua zangu zina salamu nyingi na habari kiduchu, na kwamba niandike humu msimu mzima wa mvua, kisha nilifunge kwa nailoni na kumpa dereva huyohuyo. Naahidi kukueleza yote, yanayopendeza na yanayochukiza, hata yale ambayo Mama angesema ni ya chumbani. Mwalimu wetu wa lugha husema mwenye shajara awe shahidi, asiwe hakimu. Nitajitahidi. Kwa upande wa Baba sijui kama nitaweza.

Maneno yako nimeyabeba kichwani tangu siku ulipopanda kile kilima chenu kutafuta mtandao. Kampuni wanataka uwajibu kabla mvua hazijakatika: ama ubaki huko kwenye nguzo za umeme miaka miwili mingine, ama uhamie kituo kipya wanachokijenga huku kwetu. Ukasema utarudi kama kuna pa kurudi. Halafu ukasema jambo ambalo sijamwambia hata Mama: "Nikifumba macho nikamtafuta Baba, nampata vile alivyokuwa mlangoni siku ile. Sina uso wake mwingine. Kama upo, nitumie."

Basi leo, wote walipokuwa wamejinyoosha baada ya chakula, nimeitoa albamu. Baba yumo mara nyingi, na kila mara ni yuleyule. Hata siku ya harusi amesimama kando ya Mama kama mtu anayengoja kusomewa hukumu. Sijapata uso wa kukutumia. Lakini Mjomba ana studio, na mimi nina Jumamosi zangu.

Jumanne, tarehe 5 Machi

Mvua. Paa la jikoni linavuja palepale pa mwaka jana. Mama ameweka sufuria, Baba amekuja akaisogeza kidogo kushoto. Tone limeingia katikati.

Jumamosi, tarehe 9 Machi

Nimemwomba Mjomba anifundishe kupiga picha za watu. Aliniuliza sababu, nami nikamwambia ukweli, maana Mjomba ukimdanganya hukutazama kwa jicho moja kama yuko nyuma ya kamera. Alifuta lenzi, akasema shemeji yake ni mgonjwa wake wa siku nyingi. Amempiga picha tangu ujana na bado hajapona.

Unaikumbuka studio: chumba kirefu nyuma ya duka la viatu, pazia la kijivu, kiti cha duara kisicho na mgongo, taa mbili zenye miavuli myeupe. Karibu na mlango kuna lile kabati la vioo ambamo picha zilizokwisha husubiri wenyewe. Sheria ya kabati haijabadilika. Picha haitumwi, haipelekwi, haikabidhiwi jirani. Aliyeiagiza huja mwenyewe. Wateja hunung'unika, lakini Mjomba anasema kazi yake haijaisha mpaka amwone mtu akikutana na uso aliouagiza.

Kisha akanionyesha hila yake. Mteja akiketi, hukaza shingo, huvuta pumzi na kuifungia kifuani. Mjomba hupiga ya kwanza bila kuondoa kifuniko cha lenzi, kwa hiyo hakuna kinachotoka ila mlio na mwanga wa taa. Halafu husema, "Haya, tumemaliza." Hapo mabega hushuka, mtu hutafuta viatu vyake kwa macho au hucheka kwa haya, na Mjomba, ambaye kifuniko kimeshaingia mfukoni mwake, hupiga ya pili.

"Ya kwanza ni ya woga," aliniambia. "Hiyo hatuichapi."

Leo alikuja yule mlinzi wa benki ambaye sote hupita mbali naye. Alikaa kama bunduki. Mjomba aliposema wamemaliza, mlinzi alijikuna pua akalalamika kwamba kola inamnyonga kuliko mkewe, akacheka, na nikaona ana kishimo shavuni. Miaka yote hiyo tunapita mbele ya benki, kishimo kilikuwepo.

Jumatano, tarehe 13 Machi

Mtihani wa hisabati. Mvua. Vyote viwili vimenilowesha.

Jumamosi, tarehe 16 Machi

Nimempiga Mjomba picha yangu ya kwanza. Nimemkata kichwa. Amesema shati limetoka vizuri sana.

Jumapili, tarehe 17 Machi

Leo nina hasira, na shahidi mwenye hasira bado ni shahidi.

Tulipokuwa tunakula, Mama alisema, kana kwamba anajisemea, kuwa kampuni ya umeme imemwaga kokoto kule karibu na soko, wanajenga kituo. Hakukutaja. Hakukuwa na haja. Baba aliweka kijiko chini, akasema chumvi imezidi, akatoka nje kukagua bomba ambalo halikuwa na shida yoyote.

"Mwache," Mama akaniambia. "Anakagua." Akacheka peke yake, kisha akajifuta macho kwa upindo wa nguo na kuniongezea chakula ambacho sikukiomba.

Nami naukumbuka ule mlango, Dada. Nilikuwa nimesimama nyuma ya Baba. Kazi ya ofisi ya maji aliyokuombea kwa wakubwa wake, akavaa na tai siku hiyo, wewe ukaiacha kabla mtu hajajua unakunywa chai ya rangi au ya maziwa, ukaenda kujifunza kupanda nguzo. "Mlango huu ukiufunga, umeufunga." Ndivyo alivyosema. Nawe ukaufunga polepole, jambo ambalo lilikuwa baya kuliko kuubamiza.

Shuleni wanamwita Uso wa Kukata Maji, kwa kuwa yeye ndiye msoma mita wa mtaa mzima. Siku zote nimewabishia. Leo sioni sababu. Nadhani ndani ya Baba mna namba tu, zile anazozisoma kwenye mita.

Jumamosi, tarehe 23 Machi

Amekuja mwanamke anayeoka mikate kwenye kona ya shule, yule tunayemwita Mama Tanuri. Ana kovu la moto kutoka chini ya jicho mpaka karibu na mdomo, linang'aa kama nta. Alisema ukuta wa sebule yake umechoka kutazamana na ukuta mwenzake, anataka picha yake mwenyewe, kubwa. Mjomba akampiga, ya woga na ya kweli. Katika ile ya kweli alikuwa anatusimulia jinsi paka wa jirani alivyolala ndani ya unga akaamka mzee.

Mjomba akatoka kununua wino, akaniachia kompyuta nikate kingo tu na kupunguza weusi wa pembeni. Nikaona nimfanyie mama wa watu hisani. Humo kwenye kompyuta mna kibrashi cha kulainisha ngozi, wateja vijana huja wakikiulizia. Nikakipitisha juu ya kovu taratibu, kama mtu anayepiga pasi kitambaa chembamba, mpaka shavu likawa sawa na shavu lenzake. Nilijisikia kama daktari.

Jumanne, tarehe 26 Machi

Nimeomba ruhusa ya kwenda studio baada ya shule, kwa kuwa nilijua Mama Tanuri anakuja kuchukua picha. Nilisimama karibu na kabati ili niwe tayari kushukuriwa.

Aliichukua, akaipeleka mlangoni penye mwanga, akaitazama kwa muda mrefu. Kisha akageuka. Akachungulia nyuma ya pazia, akainama akatazama chini ya meza, kama mtu aliyepotelewa na mtoto sokoni.

"Picha nzuri," akasema. "Mwenyewe yuko wapi?"

Mjomba alielewa kabla yangu, akanitazama kwa lile jicho moja. Mimi nikatazama sakafu. Mama Tanuri hakugomba. Angegomba ningepona upesi. Alikaa kwenye kiti, akanivuta, akakishika kidole changu na kukiweka juu ya kovu. Ni laini, Dada, laini kuliko kope. Akanieleza kwamba aliungua mwaka wake wa kwanza wa kuoka, tanuri lilipotema moto, na kwamba wanawe wote walipata usingizi wakiwa wameweka kidole hapo. Wa mwisho ni mtu mzima sasa, anafanya kazi mbali, na bado akija likizo hupatafuta.

"Ningeitundika hii," akasema, "binti yangu angeniuliza, Mama, huyu mgeni mrembo ni nani, na wewe umekwenda wapi?"

Mjomba hakunikaripia. Alikiondoa kibrashi kwenye kompyuta, akasema atakirudisha siku nitakapojua kuuliza kabla ya kufuta.

Sikuwa na njaa leo.

Ijumaa, tarehe 29 Machi

Shule imefungwa. Hisabati nimepata wastani. Baba ameisoma ripoti kama anavyosoma mita, kutoka kushoto kwenda kulia, akaniambia, "Imepanda." Kweli imepanda, kidogo.

Jumamosi, tarehe 6 Aprili

Leo nina habari ndefu, nivumilie.

Mama Tanuri amekubali kupigwa picha tena, kwa sharti kwamba nimpige mimi. Anasema aliyeharibu ndiye atengeneze. Nilifuta lenzi mara tatu. Akaniona, akaanza kunipigia soga ili nitulie, hata ikawa mpigaji ndiye mwenye woga na mteja ndiye anayemtuliza.

"Wewe si binti wa msoma mita?" akaniuliza. Nikajiandaa kwa utani wa kukata maji. "Baba yako ananichosha, mwanangu."

Nikamwomba radhi. Akasema si hivyo. Baba akija kwake husoma mita mara moja tu, kisha haondoki. Anasimama pale chini ya ukingo wa paa, matone yanamwangukia kwenye kofia, anamwuliza Mama Tanuri habari za yule binti yake wa mwisho aliye mbali. Analala wapi huko? Anapika au anapikiwa? Akiumwa ni nani anampeleka hospitali? Hupiga simu siku gani, na asipopiga wewe hufanyaje?

"Nikadhani anamtaka," Mama Tanuri akasema. "Nikamwambia, mzee mwenzangu, una mvi hizo, mtoto wangu wa nini? Aliona haya mpaka akasahau kofia juu ya mita yangu."

Mjomba alicheka hadi akaegemea pazia. Mimi sikuweza. Nilimwuliza kama Baba aliwahi kusema kwa nini anauliza. Mama Tanuri akasema hapana, naye hakumchokonoa, mtu akificha kidonda huwezi kumvua bandeji njiani. Ila mwezi uliopita aliuliza jambo tofauti. Alimwuliza kama yeye Mama Tanuri aliwahi kumkosea binti yake, akamkosea sana, na kama ndivyo, alianzia wapi kupatana naye.

"Ukamjibu nini, Mama?"

"Nilimjibu kweli. Nilimwambia, mimi nilianza kwa kumwuliza kama amekula. Mengine yakafuata yenyewe."

Hapo ndipo nilipobofya. Sikusema tumemaliza, wala kifuniko sikukikumbuka, kilikuwa mezani tangu mwanzo. Picha imetoka na kovu lake lote, na mwanga umelala juu yake vizuri. Mama Tanuri ameitazama kwenye kamera akasema, "Huyu namjua."

Nimerudi nyumbani nikamkuta Baba anakausha tochi yake. Nilimwangalia kwa muda. Aliniuliza kama nina homa.

Jumanne, tarehe 9 Aprili

Nilikuwa mlangoni pa studio nikamwona Baba ng'ambo ya barabara, amechuchumaa mvuani mbele ya mita ya kinyozi. Kioo cha mita kilikuwa kimeingia ukungu na matope. Hakukisugua. Alikifuta kwa kidole gumba, polepole, kama unavyomfuta mtoto uso, akainama akasubiri namba ionekane.

Nikainua kamera. Mjomba akaja nyuma yangu akaishusha kwa kidole kimoja.

"Huyo hajakupa," akasema.

Nikamwuliza kwani hila yake ya "tumemaliza" si wizi pia. Akasema aliyeketi kwenye kiti amekuja kwa miguu yake, ameshakubali, ila uso wake unachelewa njiani, na yeye anausubiri tu. Baba hajaketi. Ukimwibia, utampelekea dada yako mtu asiyejua kwamba ametazamwa.

Sikuridhika. Nimeandika hapa ili ujue ilikuwepo picha, na kwamba sikuipiga.

Jumapili, tarehe 14 Aprili

Viatu vya Baba vililowa hadi ndani. Nimevijaza magazeti na kuviweka karibu na jiko. Asubuhi alivitazama akasema, "Ahsante," lakini alikuwa anaviambia viatu.

Ijumaa, tarehe 19 Aprili

Mvua, mvua, mvua. Ofisi ya maji imewaagiza wafanyakazi wote wapeleke picha mpya za kitambulisho. Mama amenikonyeza. Nadhani amejua siku nyingi ninachokitafuta kule studio, mama yetu hana haja ya kuambiwa.

Jumamosi, tarehe 27 Aprili

Nimejifungia chumbani niandike kabla chochote hakijanitoka.

Leo mvua haikuchagua paa. Dari ya studio ilipasuka juu ya mahali penyewe pa kamera, na Baba alipoingia alimkuta Mjomba yuko juu ya ngazi, ameshika beseni kwa mikono miwili chini ya tundu.

"Karibu shemeji," Mjomba akasema kutoka hukohuko juu. "Leo utapigwa na mwanao. Mimi nimekuwa mfereji."

Baba akasema hata akipigwa na beseni ni sawa, mradi ofisi wapate picha yao. Alivua koti la mvua, akalikunja upande wenye maji ukiwa ndani, akaketi. Mjomba akamtania kwamba kamera ikimwona hudhani imepelekwa polisi kuandikisha maelezo. Baba akajibu kwamba mita haicheki, na yeye hacheki.

Nikampiga ya kitambulisho. Macho mbele, mdomo umefungwa, masikio yote mawili. Ilitoka kama ofisi wanavyotaka, na nilipoitazama nilikutana na yule wa mlangoni.

"Haya, tumemaliza," nikasema, kidole kikiwa tayari.

Mabega hayakushuka hata kidogo. Baba alinitazama tu. "Hiyo hila," akasema, "mjomba wako alinifanyia siku ya harusi yangu. Piga hiyo ya pili yako tuone."

Sikupiga. Nilijua itakuwa ileile. Nilimfikiria Mama Tanuri akichungulia chini ya meza, na Mjomba akiishusha kamera kwa kidole. Nikaona kwamba kwa Baba hakuna cha kuotea. Labda kuna cha kuomba. Nikaishusha kamera mwenyewe.

"Hakuna ya pili, Baba. Ya ofisi imekwisha," nikasema. "Kuna nyingine, lakini si ya ofisi, ni ya Dada. Ameniomba nimpelekee uso wako, kwa sababu alio nao ni ule wa siku ile mlangoni."

Nilidhani atainuka akakague kitu. Maji ya kukagua yalikuwa kila mahali. Mjomba juu ya ngazi akawa yeye ndiye picha. Beseni lilijaa, maji yakaanza kumtiririkia ndani ya mkono wa shati, na hakusogea. Baba alitazama viatu vyake. Akatazama pazia. Kisha akavua kofia ya kazi, akaiweka gotini, na alama ya kofia ikabaki kwenye paji la uso wake kama mstari wa daftari.

"Nikae vipi?" akauliza.

Dada, sijawahi kumsikia Baba akimwuliza mtu namna ya kufanya jambo. Nikamwambia akae anavyokaa siku zote. Akasema hajui anakaaje. Mjomba akasema kwa sauti ndogo kutoka juu, "Ndivyo hivyohivyo, shemeji."

Nilisogeza taa karibu. Baba akajipapasa kichwa.

"Ataziona hizi mvi?"

"Ataziona."

"Alipoondoka hazikuwepo." Akafikiri. "Usizifute."

Nikamwambia sifuti kitu siku hizi. Nikaweka jicho kwenye kamera. Alivuta pumzi nikaona anaifungia, kama wote wanavyofanya, halafu, mimi sijasema lolote, akaiachia. Akatazama ndani ya lenzi, si mimi, kana kwamba umesimama humo upande wa pili.

"Mwulize kama huwa anakula," akasema.

Nikabofya.

Ndipo beseni lilipomponyoka Mjomba, na sote watatu tukaloa, na Baba akatoka akisema anawahi njia kabla haijajaa maji. Aliisahau kofia kwenye kiti.

Jumapili, tarehe 28 Aprili

Mjomba amefungua studio kwa ajili yangu, siku ya mapumziko, nikaiona kwenye kompyuta. Sikugusa chochote, hata kingo. Mdomo uko wazi kidogo, kama wa mtu ambaye neno limemtoka na bado hajaamini. Mstari wa kofia upo. Mvi zipo zote. Macho hayalii, usidhani. Yanatazama kama alivyoitazama ile mita yenye ukungu, akisubiri ionekane.

Nilidhani nilikuwa natafuta uso mwingine wa Baba. Lakini si mwingine, Dada. Ukiuweka kando ya ule wa kitambulisho, pua ni ileile, mikunjo ni ileile. Sijui nieleze vipi. Ni kama nyumba ileile, sasa kuna mtu amekaa barazani.

Alhamisi, tarehe 2 Mei

Manyunyu. Mama amepika mapema na kuimba.

Jumamosi, tarehe 4 Mei

Baba alifuata picha zake za ofisi. Mjomba akampa, kisha akafungua kabati akamwonyesha ile nyingine, ambayo tumeichapa kubwa.

Aliitazama. Akaigeuza akatazama nyuma yake, kana kwamba huenda kuna kilichobaki huko. "Si mbaya," akasema. Kisha, akiisogeza karibu, "Huyu mtu amefanana na baba yangu. Sikujua." Akaanza kuikunjia gazeti aondoke nayo.

Mjomba akanyoosha mkono. "Hiyo hukuiagiza wewe, shemeji."

"Uso ni wangu."

"Uso ni wako. Picha ni ya aliyeiagiza, na sheria ya kabati unaijua."

Niliogopa watagombana. Baba alisimama na gazeti lake mkononi, akilitazama kabati, rafu kwa rafu, na watu wote wale wanaosubiri kuchukuliwa. Kisha akairudisha mwenyewe. Akaiegemeza vizuri isianguke, akaisogeza kidogo kushoto.

Jumatano, tarehe 8 Mei

Hakuna mvua. Baba amepita mbele ya studio akienda kazini, na amepita tena akirudi. Mjomba anasema ni kila siku. Si njia yake, na duka la viatu halina mita.

Jumapili, tarehe 12 Mei

Jua. Mama ameanika magodoro. Sufuria ya jikoni imerudi rafuni.

Jumamosi, tarehe 18 Mei

Dereva wenu yuko mjini, anaondoka kesho asubuhi, kwa hiyo hapa ndipo ninapofungia.

Nilitaka nikuwekee picha katikati ya kurasa hizi. Mjomba mwenyewe alilainika, akasema sheria ni yake na anaweza kuivunja mara moja kwa ajili yako. Lakini nimejifunza kuuliza kwanza. Mchana tulipokuwa tunakula nikamwambia Baba kwamba gari lipo, na kwamba nataka kuituma ile picha.

Alitafuna mpaka akamaliza. "Msiitume," akasema. "Italowana."

Mama alitazama dirishani. Nje jua lilikuwa linachoma hata kuku wamejificha chini ya toroli, na wingu hatujaliona tangu wiki iliyopita. Nikamtazama Mama, Mama akanitazama mimi.

"Kweli," Mama akasema. "Mvua hizi."

Baba akaendelea kula. Hakukagua kitu.

Kwa hiyo, Dada, humu hamna picha, ingawa uliiomba. Iko kabatini, rafu ya juu, kando ya mlinzi mwenye kishimo ambaye naye hajaja kumchukua mwenyewe. Kuhusu Baba, niliahidi nitajaribu nisiwe hakimu. Mwezi Machi nilishindwa. Ungesoma kurasa za mwanzo tu ungemjua Baba niliyemjua mimi wakati ule, ndiyo maana nafurahi kwamba ulikataa barua. Jibu la kampuni ni lako, sitakusukuma, na wala sitakuuliza.

Ila kuna swali ambalo si langu, nililopewa nikufikishie. Nimelibeba tangu siku dari ilipopasuka, nikiogopa kulisema kwa simu lisije likakatika katikati. Dereva anasema akifika atalala usiku mmoja tu ndipo ageuze. Tafadhali usingoje safari nyingine, andika kwa mkono wako na umpe yeye. Baba anauliza: huwa unakula?